Bunduki Iliyokatwa Kombo: Maisha ya Ardith Burdick Haskins

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, Ardith aliamka kabla ya mumewe Merle, kama kawaida yake. Aliteleka kahawa, akapandisha dirisha la jikoni, akalitegemeza kwa kipande cha mti wa jozi. Dirisha hilo ni la kupandisha juu, na kamba yake ilikatika kabla hawajahamia. Hewa ya mvua ikaingia. Merle alipotoka chumbani alimkuta anakaanga mayai huku akiteta na kulungu waliokuwa nje.

"Umewaona?" Ardith alisema. "Wamejilaza kwenye bustani yangu kama wageni wa harusi. Maua yote wamemaliza."

"Si ungewafukuza."

"Nimewafukuza. Wamenitazama tu. Wanajua msimu wa kuwinda bado."

Merle alicheka. Wakala. Ardith akaona kola ya mumewe imekunjika, akainuka akaikunjua mwenyewe. Kisha Merle akatoka kwenda kutengeneza uzio. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Haikuwa na jambo lolote. Mumewe angependa ijulikane kwamba ilikuwa asubuhi nzuri.

Marehemu Ardith alizaliwa nyumbani kwao Marsh Hollow, wilaya ya Potter, jimbo la Pennsylvania, tarehe 9 Aprili 1947. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Leland Burdick, mpasua mbao, na mkewe Ida. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alifika akiwa tayari na maoni yake.

Huwezi kueleza maisha ya Ardith bila kueleza bunduki ya baba yake. Mwaka 1953, majani yalipoanza kupukutika, Leland alikwenda duka la vifaa la Crandall. Siku hizo bunduki kuukuu za jeshi zilisimamishwa ndani ya pipa karibu na mlango, kama mafagio, zimepakwa grisi nene ya ghalani. Akachagua moja ya vita ile ya kwanza ya dunia, iliyotengenezwa humu humu Pennsylvania. Nyumbani akaifungua yote, akaviweka vyuma ndani ya tanuri la mkewe ili grisi iyeyuke. Ida alikuwa amekwenda kanisani. Mkate wa nyumba ile ulinukia jeshi mpaka Krismasi.

Kisha Leland akafanya lile ambalo kila mwanamume wa milima hii alilifanya wakati ule. Bunduki ya jeshi imevikwa mbao mpaka karibu na mdomo wa mtutu, na uzito huo hakuna anayeutaka kwenye theluji nyuma ya kulungu. Akachukua msumeno akate mbao ya mbele. Leo wakusanyaji wakiona bunduki iliyokatwa hivyo wanashika kichwa. Wakati ule ilikuwa akili. Aliilaza juu ya meza, akamkalisha Ardith juu yake ili isicheze. Ardith alikuwa na miaka sita. Vumbi la mbao likampanda puani, akapiga chafya, na msumeno ukaenda kombo.

"Ardith! Umenipindisha!"

"Si mimi, Baba. Ni pua."

Leland aliutazama mkato ule. Hakuusawazisha. Alisema kulungu hatauangalia. Bunduki ile ikalisha nyumba nzima nyama kila msimu, mpaka majira ya baridi ya mwaka 1959. Ida alikuwa hoi kitandani baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mchuuzi mmoja wa mifugo alipita na ng'ombe wa maziwa. Leland akampa bunduki, akachukua ng'ombe. Mtoto akapona, Ida akapona. Baadaye Leland alinunua bunduki nyingine, nzuri kuliko ile. Aliitumia. Hakuipenda. Kwenye sanduku lake la zana alibakiwa na kile kipande cha mbao ya jozi alichokikata, chenye mfereji katikati mahali palipolala mtutu, na upande mmoja umekwenda mshazari.

Ardith alisoma shule ya chumba kimoja ya Marsh Hollow, kisha sekondari ya Ransford, akamaliza mwezi Juni 1965. Alipenda jiografia. Mumewe hakusoma, alitolewa shule mapema akafanye kazi msituni. Katika ndoa yao yote Ardith hakuwahi kumsahihisha mbele ya watu, isipokuwa siku moja tu, walipokuwa wamepotea njia na yeye ndiye aliyeshika ramani.

Walikutana mwaka 1966 kwenye karamu ya bata mzinga katika ukumbi wa wazima-moto wa Ransford. Muziki ulipoanza, Merle alibaki ameegemea ukuta. Msichana mmoja akamjia, mikono kiunoni.

"Wewe unajua kucheza, au unajua kushikilia ukuta tu?"

"Ukuta huu mbovu," Merle alisema. "Nikiuacha utaanguka."

"Basi uanguke."

Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1968 katika kanisa la Kimethodisti la Marsh Hollow. Wiki iliyofuata Leland alikuja kuiona nyumba yao. Alipandisha dirisha la jikoni, likamshukia vidoleni. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na kile kipande, akakisimamisha chini ya dirisha. Kilitosha kabisa. "Sina zawadi nyingine," alisema. "Na dirisha lenu bovu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Nadine mwaka 1970 na Gordon mwaka 1972.

Kuanzia mwaka 1975 hadi 2009 Ardith alipeleka barua katika mabonde ya wilaya hii. Wengi mliokaa hapa leo mlimjua kupitia dirisha la gari. Alijua ni nani anangoja barua ya mwanawe aliye jeshini, na ni nani anayezikwepa bili. Sanduku la mtu likikaa na barua za jana, alishuka kugonga mlango. Mzee mmoja wa Tannery Road aliokolewa hivyo, akiwa amevunjika nyonga sakafuni. Neno lake la kwanza kwa Ardith lilikuwa, "Umechelewa."

Ida alipofariki mwaka 1984, Leland alihamia kwa binti yake. Macho yake yalikuwa yanafifia. Siku moja mezani, bila mtu kumuuliza, alisema, "Ile bunduki. Ningependa kuishika tena." Akaendelea kula viazi. Ardith aliacha uma wake. Merle alimwona usoni akajua kwamba jambo hilo limeshaamuliwa.

Tangu siku hiyo hakuna maonyesho ya bunduki yaliyofanyika kwenye ukumbi wowote, hapa au ng'ambo ya mpaka wa New York, ambayo Ardith aliyakosa. Bunduki hakuijua namba yake ya kiwandani. Alichokuwa nacho ni kile kipande. Alikitia mkobani, akapita meza baada ya meza, na kila bunduki ya aina ile iliyokatwa mbao akaipimisha nacho. Siku hizo dirisha la jikoni lilisimama kwa mwiko. Wauzaji walimzoea.

"Huyo anakuja na mfupa wake! Ficheni mbwa!"

"Mama, nikuuzie nzima basi, uache kutafuta vilema."

"Nzima unazo wewe," Ardith aliwajibu. "Mimi natafuta iliyopigiwa chafya."

Mwaka 1986 walipata moja iliyokatwa kombo. Kipande hakikukaa sawasawa, lakini kilikaribia. Merle na Gordon walimwambia mbao huvimba, mbao hukauka, ni hiyo hiyo. Wakainunua. Ardith akaiweka mapajani mwa baba yake. Leland akapitisha kidole gumba mahali palipokatwa, akarudia tena.

"Nzuri," alisema. "Ni ya mtu mwingine."

Akamshukuru bintiye, akaenda kulala kabla ya chakula cha jioni. Ardith alikaa jikoni. "Simletei tena kitu cha kukisia," alimwambia Merle. "Nikileta tena, iwe ninaijua kama ninavyojijua mimi."

Agosti 1988 daktari alisema moyo wa Leland hautaona majira mengine ya kuchipua. Jumamosi tarehe 20 mwezi huo kulikuwa na maonyesho Ransford. Siku hiyo Ardith alikuwa ametoka kuchemsha nyanya za kuhifadhi kwenye chupa na jikoni kulijaa mvuke. Akakitazama kile kipande dirishani, akakiacha. "Leo nyanya zipumue," alisema. "Tangu lini tukapata kitu Ransford?"

Ilikuwa chini ya meza ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma, ndani ya sanduku la bunduki zilizoharibiwa. Muuzaji alikuwa bwana mnene kutoka Ohio aitwaye Virgil Prather. Ardith aliinama, akaichomoa, akaona mkato. Aliishika kwa mikono miwili.

Lakini mtu mwingine naye alikuwa ameiona. Alikuwa fundi bunduki, mrefu, jina lake Emmett Sloan, na kofia yake ilikuwa mkononi. "Ukimaliza kuiangalia, mama, nitaichukua mimi," alisema. "Nataka chuma chake tu. Mbao hizo nitazichoma jikoni."

Watu wa maonyesho haya wana desturi moja wanayoiheshimu kuliko sheria ya serikali. Bunduki ikiwa mikononi mwa mtu, mwingine hataji bei. Akiiweka chini, hata kwa kujikuna, imekuwa ya mwenye kuiwahi. Ardith aliijua desturi hiyo vizuri. Alijua pia kwamba hana kipande cha kupimia, na kwamba baba yake hawezi kuletewa ya mtu mwingine mara ya pili.

"Merle," alisema bila kugeuka. "Nenda nyumbani. Lete kipande."

"Na nyanya?"

"Nyanya zitajijua."

"Dirisha litaanguka."

"Lianguke, Merle! Nenda!"

Kutoka Ransford hadi nyumbani ni mwendo wa milima. Merle aliendesha. Yaliyotokea ukumbini aliyasikia baadaye, na kila aliyekuwepo aliyasimulia kwa namna yake, ila wote walikubaliana kwamba Ardith hakuketi. Aliikumbatia bunduki ile kifuani kama mtoto mwenye homa. Sloan alinunua soseji, akaja kuila mbele yake, polepole, akilamba haradali vidoleni.

"Mikono haijachoka, mama?"

"Mimi nabeba katalogi za Krismasi za wilaya nzima. Kula soseji yako."

Prather akamsogezea kiti. Ardith alikataa, kwa sababu mtu akiketi hulaza alichoshika. Meza za jirani zikaanza kufungwa. Prather akakunja kitambaa chake cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sasa, dada, unainunua au unailea?"

"Namsubiri mume wangu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda kufunga dirisha."

Alihitaji kwenda msalani. Hakwenda.

Merle alipoingia mbio na kile kipande, ukumbi ulikuwa umebaki na watu wachache, na wote walikuwa wamesimama kwenye meza ile. Ardith hakuweza kufungua vidole. Ilibidi Merle mwenyewe akisogeze kipande mahali pake, mshazari kwa mshazari. Kilikaa. Katika mti ule wa jozi kulikuwa na mshipa mweusi uliopita ndani ya mbao, nao ulitoka kwenye bunduki, ukavuka mkato, ukaendelea ndani ya kipande kama kijito kinachopita chini ya daraja. Hata ukucha haukuingia katikati.

Sloan akaivaa kofia yake, akaivua tena. "Chukua, mama," alisema. "Chuma nitapata kingine."

Prather alitikisa kichwa. "Ila aliyeikata hii aliiharibu kweli kweli. Ingekuwa nzima ningekutajia bei nyingine kabisa."

"Hakuiharibu," Ardith alisema. "Alikuwa na watoto wa kulisha."

Karatasi zikajazwa, wakaondoka. Njiani Ardith aliilaza mapajani, na kipande akakishika mkononi mpaka walipoingia uani. Leland alikuwa jikoni, kwenye kiti chake, anatokwa na jasho.

"Nani amefunga dirisha?" aliuliza. "Mnanichemsha na nyanya?"

Ardith akaiweka mapajani mwake. Leland akaipapasa kutoka kitakoni kwenda mbele, taratibu. Kidole gumba kikafika kwenye mkato, kikateremka nao. Kikasimama. Merle alikuwa mlangoni, naye hakujua aweke wapi mikono yake.

"Pua," Leland alisema. "Hii ni pua yako, Ardith."

Jumatatu ya kufungua msimu, tarehe 28 Novemba 1988, shule zimefungwa na wanaume wote wako mlimani, Gordon alimchukua babu yake kwa gari hadi ukingoni mwa shamba. Alimfunika blanketi. Leland alikaa pale na bunduki yake mapajani, haina risasi, akisikiliza milio ya wengine na kumweleza mjukuu wake kila mlio umetoka bonde lipi. Alifariki tarehe 17 Januari 1989, kitandani kwake, na bunduki ukutani mahali ambapo mkono wake ungeifikia.

Baada ya mazishi Emmett Sloan alikuja nyumbani. Wakati huo alikuwa ameshakuwa rafiki. Alijitolea kukiunga kile kipande kwenye bunduki, bure, kwa namna ambayo hakuna jicho lingeona kiungo. Ardith alimpa kahawa na pai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Bunduki akaitundika juu ya mlango. Kipande akakirudisha dirishani. Kimekaa hapo miaka yote hii, na kimepakwa rangi kwa bahati mbaya mara moja, na aliyekipaka rangi anajijua.

Ardith alistaafu mwaka 2009. Alilima maua, akafundisha watoto wa shule ya Jumapili, akawa mkali kwa wachungaji waliohubiri wakapitiliza. Alikuwa na nguvu. Ile Jumanne ya tarehe 7 Mei, baada ya chakula cha mchana, alianguka bustanini. Alipelekwa hospitali. Ilikuwa moyo, kama baba yake. Madaktari na wauguzi walimtendea vema, na familia inawashukuru. Alifariki dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 77. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Amewafuata baba na mama, na ndugu zake wanne waliomtangulia. Ameacha mume, Merle Haskins. Binti yake Nadine na mkwewe Curtis. Mwanawe Gordon na mkewe Bonnie. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Na mdogo wake Lyle, yule mtoto aliyenyweshwa maziwa ya yule ng'ombe, ambaye yuko nasi hapa leo akiwa na miaka sitini na mitano. Ameacha pia bunduki moja iliyokatwa kombo, ambayo haiuzwi.

Mliopita kumuaga mmeona mikono yake ni mitupu. Baadhi yenu mmeuliza kilipo kile kipande. Siku mbili kabla hajafariki, watoto wake walikuwa wamesimama miguuni mwa kitanda chake cha hospitali, wakidhani amelala. Gordon alitaka mama yake azikwe nacho mkononi. Nadine alitaka kiungwe kwenye bunduki, viwe kitu kimoja hatimaye. Walianza kunong'ona, wakaendelea kwa sauti. Baba yao hakuingilia. Ndipo Ardith akafumbua macho.

Sasa amelala karibu na baba yake, mahali alipopachagua mwenyewe, panapotazama bonde. Bwana ampe pumziko jema. Dirisha la jikoni liko wazi leo, kwa sababu hivi ndivyo alivyowaambia wanawe:

"Kiacheni pale pale. Mkinizika nacho, baba yenu atapataje hewa?"